Mizabibu Iliyokataa Maji ya Jini

Kaeni sawasawa niwasimulie, na mwenye usingizi aende zake mapema asije akanikoromea. Katika mji wa Zuhuria, uliojengwa juu ya vilima vya mawe, alitawala Sultani Shamsudini bin Ghalibu, na katika pete yake ya akiki alifungwa jini Hamdabu, na kazi ya jini huyo ilikuwa kuteka maji ya chemchemi na kuinywesha mizabibu ya mji kila alasiri. Na mzabibu uliopendwa kuliko yote ni Lulu, mweupe, wenye majani mapana na zabibu nono, ukinywa bila kushiba.

Mtu mmoja tu aliyakataa maji hayo, naye ni Nasima binti Zahrani, mwanamke mwenye ulimi mkali na shamba la mizabibu myeusi aliloachiwa na mama yake. Kwao waliuachisha mzabibu maji kama mtoto anavyoachishwa ziwa: mwaka wa kwanza unanyweshwa, wa pili unanyimwa, ili mizizi ishuke yenyewe kutafuta unyevu chini ya mawe. Watu waliuita mzabibu wake Kaidi, na mwenyewe Nasima wakamwita vivyo hivyo.

Sultani akaghadhibika, akamwita barazani. "Ewe mwanamke, waukataa ukarimu wangu mbele ya raia?"

"Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri," akajibu Nasima. "Ukarimu wako utaidekeza mizabibu yangu. Siutaki."

"Basi siku ya karamu ya mavuno uniletee zabibu. Usipoleta, shamba litang'olewa, nawe utatoka katika mji huu."

"Nitaleta," akasema, wala hakuinamisha kichwa.

Mwaka huo mvua ikagoma, na chemchemi ikafifia, maana jini aliweza kuyabeba maji, lakini kuyaumba hakuweza, na hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Lo! Lulu, wenye mizizi ya juu juu, ukaendelea kutandaza majani juani kana kwamba maji yapo, ukaungua wote. Mizabibu myekundu ya waziri ikapukutisha majani, uhai ukabaki lakini tunda hakuna. Kaidi nao ukakunja majani, ukaacha kurefuka, na zabibu zake zikadumaa.

Msidhani Nasima hakuogopa. Aliogopa, na alilia kwa hasira akiyapapasa yale majani yaliyokunjamana. Ndipo jini akamtokea adhuhuri na kiriba cha maji ya mwisho ya chemchemi.

"Bibi, mizabibu yako inakufa. Niimwagie?"

Nasima alitamani kusema ndiyo. Lakini akawaza: ikinywa leo itafumbua majani, na kesho jua litaikuta imefumbua, na maji hakuna.

"Toka!" akapiga kelele. "Wapelekee watoto wenye kiu! Mizabibu yangu inajua inachofanya, usiivuruge!"

Jini akaenda, akawanywesha watoto.

Siku ya karamu sinia za kasri zilikuwa tupu, na Nasima akaingia na kikapu cha zabibu nyeusi, ndogo, zenye ngozi ngumu. Sultani akaonja, na utamu ukamfumba macho. Akasema mbele ya wote, "Shamba ni lako milele. Nami nakuposa, na Hamdabu ataimwagilia mizabibu yako usiku na mchana!"

"Ah, bwana wangu, hukusikia hata neno moja," akasema Nasima. "Mahari yangu ni hii: panda vipandikizi vya Kaidi kwa mikono yako, na mwaka wa pili uvinyime maji. Ukivimwagia hata tone, hakuna ndoa."

Waziri akaguna, lakini Sultani akakubali, akapanda, na mvua zikarudi na chemchemi ikajaa. Mwaka wa pili jua likawaka, na miche ikalegea, na jini akasimama na kiriba kimejaa, akauliza, "Bwana, nimwage?"

Machozi yakamtoka Sultani. "Nasima, inakufa!"

"Haifi. Imekasirika tu. Iache."

Sultani akautazama mche uliolala mchangani, akasema, "Usimwage."

Ndoa ikafungwa shambani, na Kaidi ukaenea vilima vyote, na utajiri ukawafikia hata waliomcheka Nasima. Basi nanyi, mkimwona mtu anakataa hisani ya mkubwa, kabla hamjamwita kaidi, mwulizeni analinda nini.