Mtoto wa Riziki Aitwe Nani

Hapo zamani, zamani ambayo bibi zenu waliiona, kisiwani kwetu alikuwapo mwanamke akiitwa Riziki. Masikio yake yalitoa usaha tangu akinyonya, na ukubwani akawa haelewi neno ila mtu aseme naye uso kwa uso. Basi Riziki akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba ikafika, siku ya kumpa mtoto jina, na mumewe, mtu muungwana, akamwambia, "Jina nakuachia wewe, mke wangu."

Riziki alitaka mtoto achukue jina la mtu aliyemfaa zaidi katika maradhi yale. Kumbe watu hao ni watatu, na wote wamekuja, na wote wanasema kwa pamoja!

"Mmoja mmoja, jamani," alisema Riziki. "Midomo mitatu nitaifuataje kwa macho mawili?"

Akaanza bibi yake, Bi Mize. "Mjukuu wangu, nani alikupangusa usaha kwa pamba? Nani alikutilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, ukilia nami nalia? Hospitali nilikataa, kweli. Wakubwa wetu walituambia ule ni uchafu wa utotoni, ukizuiwa hupanda kichwani. Nilisikia la wakuu, na guu likavunjika vilevile."

Akafuata shangazi yake, Time. "Mimi nilikutorosha kwa bibi yako nikakupeleka kwa daktari. Homa ilikuwa inakuua, mwanangu. Usaha ukakauka, ukaishi. Daktari alisema turudi, nami sikurudi. Niliona sikio kavu nikadhani limepona. Kumbe kiwambo cha ndani kimejaa makovu."

Mwisho Raya, shoga yake wa chuoni, walikosoma Kurani pamoja. "Mimi sikukutibu. Nilikaa mbele yako, kila neno la mwalimu nikakurudishia kwa midomo mpaka ukajua kuisoma. Viboko vya kupiga soga nilivila peke yangu. Lakini aliyekufundisha kupiga mbizi mtoni, usaha ukaanza upya, ni mimi pia."

Riziki aliwatazama, akawapenda wote, akawaonea uchungu wote. Bila bibi asingelelewa. Bila shangazi asingeishi. Bila Raya asingeelewa hata neno moja la asubuhi ile.

Mumewe akampakata mtoto, akalikaribia sikio lake la kulia, sikio dogo, kavu, safi. Kabla ya kulinong'oneza jina akamgeukia mkewe ili aione midomo yake. "Nimwite nani?"

Haya, nyie mnaonitumbulia macho hapo, na masikio mnayo mazima: je, nani alistahili?