Wosia wa Mwanaheri

Tegeni sikio, na mwenye haraka ya kuhukumu asubiri nimalize. Ni habari ya watu watatu wa milima ya Usambara, na wote watatu mimi nawavulia kofia. Bi Hidaya alikuwa na maziwa, Mwanakombo alikuwa na subira, na Hoza alikuwa na mikono isiyojua kuchoka.

Mwanaheri, mjane, alifariki siku tatu baada ya kujifungua. Aliacha kichanga wa kiume na binti wa miaka sita, Sikudhani. Wosia wake ulikuwa mfupi: "Wanangu msiwatenganishe."

Kichanga alikataa chupa, akaanza kunyong'onyea. Jirani yao, Bi Hidaya, alikuwa ananyonyesha mwanawe. Akawapakata wote wawili, huyu kulia, yule kushoto, mpaka yatima akanenepa. Kwa dini yao, tangu hapo yeye ni mama yake wa ziwa.

Sikudhani naye aliacha kusema kabisa. Shangazi yake, Mwanakombo, akahamia pale, akawa anamsuka na kumpigia soga bila kudai jibu. Siku ya ishirini na sita mtoto akasema, "Shangazi, unaniumiza." Mwanakombo alilia kwa furaha, akaendelea kusuka.

Mvua ikabomoa ukuta wa nyumba, ndugu wakaanza kunong'onezana kuhusu kugawana watoto. Hapo mjomba, Hoza, akaacha kazi yake ya kupasua mbao Korogwe. Akaja akaukandika ukuta, akalima shamba la dada yake, na minong'ono ikaisha.

Wakalea hivyo miaka miwili, mtoto akaachishwa ziwa. Kisha mume wa Bi Hidaya akahamishiwa Handeni, na mume wa Mwanakombo akamwita mkewe arudi Mlalo. Hoza akasema yeye haondoki. Kila mmoja aliwataka watoto wote wawili.

Imamu akawakalisha. Alijiandaa kuamua ugomvi, kumbe kila aliyesema alianza kwa kuwasifu wenzake, halafu akaomba apewe yeye. Mwisho akaulizwa Sikudhani. Alimshika mdogo wake mkono.

"Mama alikufa mmoja," alisema. "Leo mkituchagulia yeyote, tunafiwa na wawili."

Imamu akainamisha kichwa. Lakini mlezi lazima apatikane, na watoto wamesimama wanasubiri.

Je, ungekuwa wewe imamu, ungewakabidhi kwa nani?