Faru Alivyolinda Mlango wa Mjane

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakioana kwa mahari na kuzikana kwa sala, aliishi Mwinyi Nguchiro, fundi asiye na mfano. Ndiye aliyebuni gurudumu la vibuyu vilivyofungwa kwa kamba, likapandisha maji kutoka mtoni hadi mlimani. Kruu, kruu! Kina mama wakapumzika kupanda na mitungi. Lakini namna ya kufunga kamba zile aliichora ubaoni, akauficha ubao chumbani. Asiyemwinamia, mfereji wake ulizibwa.

Siku alipozikwa, mjane wake, Bi Mwanahija, alisikia kishindo mlangoni. Di! Di! Di! Alikuwa Faru, mbabe wa bonde lile.

"Pole, shemeji. Nipe ubao."

Bi Mwanahija akavuta pazia, akawaza. Kamba hulegea kila mwezi, na asiyejua mafundo yake hawezi kuzifunga upya. Mwenye ubao ndiye mwenye maji. Mumewe alitaka kuinamiwa tu. Faru angetaka kuabudiwa.

"Shemeji," akajibu nyuma ya pazia, "nimo edani. Miezi minne na siku kumi, mwanamume asiye maharimu havuki kizingiti hiki. Au wewe, mtu wa safu ya mbele msikitini, hukusoma?"

Faru akakohoa. "Nimesoma! Nani kasema sikusoma?"

"Basi subiri. Ila naogopa wezi."

"Wezi? Nitalala papa hapa!" Akajibwaga mlangoni: puu!

Kesho yake wanawake wakaja kumfariji mjane, ukindu kwapani. Bi Chura, ambaye dimbwi lake lilikaushwa na gurudumu lile, hakuficha neno.

"Dada, marehemu alitutua mtungi kichwani, akatutia kamba shingoni."

"Kweli tupu," akasema mjane, machozi yakimlengalenga. "Nami nampenda hivyo hivyo." Akautoa ubao, akauweka katikati yao. "Sogeeni, mtazame fundo hili."

Nje Faru akanguruma: "Mnafanya nini humo?"

"Twasuka mikeka, baba!"

"Sukeni, sukeni! Mwizi hapiti hapa!"

Wakafunga, wakafungua, wakafunga tena. Jioni wakashuka mtoni kuwafundisha waume zao. Faru hakubanduka mlangoni hata kwenda kuoga.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanahija alikoga, akajifukiza udi, akamkabidhi Faru ubao kwa mikono miwili. Faru akatimka nao mtoni. "Sasa mtanitambua!"

Kruu, kruu, kruu! Magurudumu saba yalikuwa yakizunguka. Dogo kuliko yote likimimina maji dimbwini kwa Bi Chura.

"Nani kawafundisha?"

"Mjane," akasema Bi Chura. "Nawe ukatulindia darasa. Mungu akulipe, baba!"

Kicheko kikavuma bonde zima. Bi Mwanahija, aliyemfuata Faru taratibu, akashusha pumzi ndefu. Akainua mikono kumwombea mumewe rehema, asijue kama yupo wa kuitikia.

"Amina!" wakaitikia wote, na sauti ya Bi Chura ikawa juu kuliko zote.

Elimu iliyofichwa humkuza mmoja. Iliyogawiwa huwasitiri wengi, hata yule aliyeificha.