Anayeteremka kwa Frii

"Anayeteremka kwa frii asilaumu breki." Mmemsikia shangazi yenu akimtupia kaka yake neno hilo wakati wa kula, mkacheka, sasa mnaniuliza limetoka wapi. Limetoka hukuhuku Usambara, kwenye barabara ileile mnayoteremkia kwenda Mombo, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Haya, kaeni niwaeleze lilivyoanza.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, Bi Zuhena Shemdoe, aliyeachiwa na mumewe gari dogo la zamani. Lilikuwa la otomatiki, halina klachi, lina mkono mmoja tu wa gia wenye herufi zake: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ambayo ndiyo frii, D ya kwendea, na chini kabisa 2 na L. Rangi ilikuwa imechoka, lakini kijiji kizima kililiheshimu, maana ndilo lililowafikisha wajawazito hospitali kule bondeni. Gari jingine halikuwepo.

Siku moja akaja Mahanyu, mdogo wa marehemu, kuliazima ampeleke mkewe kliniki. Mkewe, Mwanaisha, alikuwa na mimba kubwa. Mahanyu huyu aliwahi kuendesha malori, na hakuna aliyekutana naye asisimuliwe habari hizo. Bi Zuhena akampa ufunguo.

"Ukifika kwenye mteremko, shemeji, shusha gia mpaka L," alimwambia.

Mahanyu akacheka. "Leo unanifundisha mimi gari?"

Jua halijapanda sana, habari zikafika kwamba gari limegonga ukingo. Bi Zuhena alishuka kwa miguu, roho mkononi. Alimkuta Mwanaisha amekaa kando ya barabara, paji la uso limevimba, anashika tumbo. Mtoto alikuwa anacheza, Mungu mkubwa. Gari lilikuwa limeegemea ukingo, magurudumu yanafuka moshi. Na Mahanyu? Amesimama katikati ya watu anatangaza: "Breki hazishiki. Amenipa jeneza huyu mama, sikupewa gari."

Jeneza! Mtu umempa mali yako kwa moyo mweupe, amekuvunjia, na anakutukana mbele ya umati. Bi Zuhena akamwinua kwanza Mwanaisha.

Wazee wakaita kikao, na kabla hata Bi Zuhena hajakaa walishaamua. Mwenyekiti, Mzee Kaoneka, akasema gari lile lisibebe tena mgonjwa wala mjamzito. Wenye uchungu wabebwe kwa machela kama zamani.

Bi Zuhena akasimama. "Nina swali moja kwa shemeji yangu. Uliteremka na gia gani?"

Mahanyu akajitutumua. "Mimi ni dereva wa zamani. Pale kileleni naweka frii, gari linajiendea lenyewe, mafuta yanabaki. Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Na L niliyokwambia?"

"Hizo 2 na L ni mapambo tu. Otomatiki ni D na frii, basi."

Watu wakatikisa vichwa kumkubalia. Hapo Bi Zuhena hakuweza tena kujizuia.

"Mnamkubalia? Nyie si mnateremsha magogo kutoka msituni? Gogo linabebwa na wawili. Wa nyuma akiachia, likamwangusha wa mbele, mtamlaumu wa mbele? Ukiweka L, injini inalishikilia gari lisikimbie, breki zinasaidia tu. Ukiweka frii, umeifungua injini kutoka kwenye magurudumu. Mlima wote ule umeutwisha breki, mpaka zikaungua. Kisha, shemeji, unasema nimekupa jeneza."

Hata hivyo Mzee Kaoneka akasema neno la wazee limeshatoka. Ndipo Mwanaisha akainuka, kitambaa bado kichwani.

"Nilisikia harufu ya kuungua tangu kona za juu. Nikamwambia mume wangu, akanijibu wanawake hatujui gari. Siku yangu ikifika sitapanda machela. Nitapanda gari la dada Zuhena."

Siku yake ilifika alfajiri. Fundi alikuwa ameshanyoosha bodi na kubadili breki. Mahanyu alibisha hodi kwa Bi Zuhena, na mama yule, pamoja na yote, hakumweka mlangoni.

"Panda nyuma umshike mkeo," alisema.

Kwenye mteremko akashusha gia mpaka L. Injini ikanguruma, gari likaenda polepole, kona baada ya kona, mguu wake ukigusa breki kidogo na kuachia.

"Injini inalia mno, shemeji," Mahanyu alinong'ona.

"Iache ilie. Inabeba upande wake wa gogo."

Hospitalini wauguzi wakampokea Mwanaisha. Mahanyu akainama, akasogeza kiganja kwenye gurudumu lililofuka moshi siku ile. Lilikuwa na uvuguvugu tu. Akasema, "Shemeji, nisamehe."

"Hapa anakusikia nani?" Bi Zuhena alimjibu. "Jeneza ulilisemea mbele za watu. Nenda ukaseme mbele za haohao."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mahanyu akarudi kijijini, akaomba kikao kilekile, wazee walewale. Mzee Kaoneka alipomuuliza amekuja kushtaki nini tena, alivua kofia na kusema akiwa ameinamisha kichwa:

"Sikuja kushtaki. Anayeteremka kwa frii asilaumu breki."