Chui na Hodi ya Ng'ambo

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na milango na kila mlango ukipigiwa hodi, Bi Pimbi aliishi kwenye pango juu ya jabali na wanawe watatu. Alikuwa mdogo wa mwili, na miguu yake haikujua kutulia. Anafagia, anaacha, anachungulia bonde. Anapaka wanja, kioo mkononi, anachungulia tena.

Kwa huko kuchungulia aligundua jambo. Ng'ambo ya bonde, chini ya ukuta mrefu wa mawe, Mzee Nyani alikuwa akipasua kuni. Shoka lilishuka, kimya. Ndipo mlio ukafika: ko! Na shoka lilikuwa limeshaanza kupanda tena.

"Ala! Kumbe mwanga hufika papo hapo, sauti inakuja inajikongoja!" Bi Pimbi alicheka peke yake.

Asubuhi moja akatokea Chui mgeni. Huyu alitoka nyanda za tambarare, kusiko na jabali wala ukuta, ambako ukipiga kelele, kelele inakwenda zake na hairudi. Alipanda jiwe kwa jiwe mpaka mlangoni.

"Mimi nakula wenzangu, lakini adabu ninayo," alisema akijilamba. "Nitapiga hodi tatu. Baada ya hapo naingia, uitikie usiitikie. Una watoto wangapi?"

"Watatu," alisema Bi Pimbi, na papo hapo akajuta. Pango lilikuwa na mlango mmoja tu.

"Watanitosha. HODI!"

Kimya kidogo. Kisha kutoka ng'ambo: "...Hodi!"

Chui akaruka, puu! "Nani huyo?"

Bi Pimbi alitaka kusema ni mwangwi tu. Akaumeza ulimi wake.

"Aa, yule!" alisema. "Chui mwenzio. Tangu juzi ananipigia hodi, anawataka hawa hawa watoto. Na ada ya huku unaijua, bwana. Hodi mbili zikikutana kwenye mlango mmoja, wageni humalizana wenyewe kwanza."

"Wa kwanza ni mimi!" Chui alinguruma.

"...Ni mimi!" ukuta ukajibu.

"Hee! Ananibishia!"

Jua lilikuwa limechomoza nyuma ya ule ukuta, uso wa ukuta ukiwa bado kivulini. Bi Pimbi akakinga kioo chake cha wanja juani, akakigeuza kidogo. Mwanga ukadunda, ukatua ng'ambo, mng'aro mmoja unaochezacheza kwenye giza la mawe.

"Na jicho lake lile pale, linakutazama."

Mara wingu likaziba jua. Mng'aro ukapotea. Chui akakunja uso. "Mbona jicho limezimika?"

Bi Pimbi akakikaza kioo mkononi. "Amelifumba, bwana. Mwenye kuvizia hufumba."

Wingu likaondoka, jicho likawaka. Chui hakungoja zaidi. Akateremka bondeni, parakacha, parakacha, akapanda upande wa pili akihema. Kule hakukuta mtu ila Mzee Nyani na kuni zake.

"Umejificha wapi?" Chui alifoka, akageukia jabali la Bi Pimbi.

"...Wapi?" jabali likajibu.

Bi Pimbi akamwelekezea kioo usoni. Chwaa! Chui akafumba macho kwa uchungu. "Lo! Amenizunguka! Yuko mlangoni kwangu!"

Akarudi mbio. Alipofika, Bi Pimbi alikuwa kizingitini akijifuta jasho. "Umechelewa kidogo tu, bwana. Amerudi kule kule. Ana miguu huyo!"

"Toka hapo!" Chui alipigia ukuta kelele.

"...Hapo!"

Akateremka tena. Akapanda tena. Akarudi. Mara ya tatu ulimi ulikuwa unaning'inia na nyayo zimechubuka. Bi Pimbi naye hakukaa kitako, maana alijua mgeni wake akituliza akili dakika moja tu, watoto wamekwisha.

Mara ya nne nguvu zilimwishia Chui katikati kabisa ya bonde. Hakuweza kupanda huku wala kule. Akainua kichwa, akakusanya pumzi yote iliyobaki.

"NJOO TUPAMBANE!"

Sauti ikaenda pande zote mbili. Kwa kuwa alisimama katikati, zote mbili zikamrudia kwa pamoja, moja sikio la kulia, moja la kushoto:

"...TUPAMBANE!"

"Mama wee! Kumbe ni wawili!"

Chui akasahau hodi, akasahau adabu. Alitimka kufuata bonde, vumbi tii, na hakusimama mpaka tambarare.

Watoto wa Pimbi wakatoa pua nje. "Mama, wale chui wengine wako wapi?"

"Alikuja nao, amekimbia nao," alisema mama yao, akaketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi tangu asubuhi, na alilia kidogo, kisha akacheka.

Siku ile ile akampelekea Mzee Nyani kipande cha kioo. Tangu hapo, adui akionekana upande wowote, mmoja humulikia mwenzake kabla kelele haijafika.

Basi shikeni hili, wanangu: anayekimbia sauti bila kuuliza imetoka wapi, huenda anaikimbia yake mwenyewe.