Nungunungu na Skrini ya Gunia Moja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mmeshiba au mmelala? Na wewe uliye nyuma ya moshi nataka nikusikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wameshazijua kompyuta lakini hawajajua bado kuacha kudanganyana, palikuwa na Bi Nungunungu. Kazi yake ilikuwa kuchora sare za harusi. Mwenye harusi alimletea kipande cha kitambaa chenye rangi aitakayo, naye akachora kanga kwenye kompyuta, mji wake wa katikati na pindo lake la pembeni, kisha mchoro ukapelekwa kwa Buibui kupigwa chapa.

Siku moja skrini yake ilitoa moshi, ikalia "pwii", ikafa. Na wiki hiyohiyo, kwa bahati yake mbaya, mlango ukabishwa na Bi Chui. Binti yake alikuwa anaolewa na kijana wa ukoo wa Duma.

"Nisikilize vizuri, mwenzangu," Bi Chui akasema, na kuweka kitambaa mezani. "Akina Duma wamechagua waridi. Sisi tunataka damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Unatujua tulivyo. Sisi tuna madoa, wao wana madoa. Tukivaa rangi moja, nani atajua mama wa bi harusi ni yupi?"

"Hakuna atakayejua, mama."

"Basi. Rangi ikikosea sitakudai kitu. Nitakula wewe, na miiba yako nitachokolea meno."

Bi Nungunungu akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akakikunja kitambaa haraka.

Kesho yake akatoka kuuliza ushauri wa skrini. Akamkuta Sungura. "Kasi, dada!" Sungura akamwambia. "Tafuta inayobadilisha picha mara mia na themanini kwa sekunde. Mimi kwenye yangu nacheza mchezo wa mbio mpaka najikimbia mwenyewe!" Akamkuta Kiboko. "Upana, dada! Skrini nyembamba ni ya nini?" Akamkuta Twiga. "Stendi, dada! Isipopanda juu, shingo itakuua." Bi Nungunungu akashukuru, ingawa shingo yake tangu azaliwe hakuna aliyewahi kuiona.

Mmesikia wenyewe. Watatu wamemshauri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya kazi gani. Nyie mnacheka, lakini mkiulizwa hamfanyi hivyohivyo?

Akafika dukani kwa Bwana Kinyonga. Skrini zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo na nzito kubadilisha picha, stendi yake haipandi wala haishuki, lakini rangi zake ni za kweli. Bei yake magunia matatu ya mihogo. Ya pili ilikuwa pana, inang'aa. Bei yake gunia moja.

Bi Nungunungu akasimama katikati, akapiga hesabu ya tumbo. Magunia mawili ya mihogo ni chakula cha kiangazi kizima, na alikuwa na watoto watatu wanaokula kama sita. Msimcheke. Kulala njaa kwa ajili ya rangi si jambo dogo.

"Hii ya gunia moja ina kasi?" akauliza.

"Mara mia na themanini kwa sekunde. Bei hii, mama, unataka na nini tena?"

"Na upana?"

"Pana kama mkeka. Bei hii, mama, unataka na nini tena?"

"Stendi je?"

"Inapanda, inashuka, inageuka. Bei hii, mama, unataka na nini tena?"

"Na rangi?"

Kinyonga akakohoa. Akaweka picha ya nyanya. Bi Nungunungu akakodoa macho. "Mbona nyanya imekuwa nyeusi kama biringanya?" Akasogea kushoto kidogo, nyanya ikapauka ikawa kama imechemshwa. "Na sasa imekuwa hivi!"

"Kaa katikati, mama, usisogee," Kinyonga akasema. Akatambaa polepole hadi kwenye skrini, akaunyoosha mkono wake kando ya ile nyanya. "Mjini hapa fundi wa rangi ni nani, mimi au wewe? Linganisha na mkono wangu."

Bi Nungunungu akalinganisha. Mkono na nyanya vilikuwa sawasawa, huwezi kuvitofautisha. Roho yake ikatulia. Genge la nyanya la Bi Panya lilikuwa hatua kumi kutoka pale, lakini mtu aliyeshawishika kubakiza magunia mawili haoni genge. Akalipa, akajitwika skrini, akarudi nyumbani anaimba.

Akaanza kazi. Akabandika kitambaa cha Bi Chui kando ya skrini, akakaa katikati bila kusogea, akachanganya rangi mpaka skrini na kitambaa vikafanana. Buibui, yeye, hatazami skrini ya mtu. Huletewa namba ya rangi, akapiga chapa namba ile aliyoletewa. Akapiga doti hamsini, akazifunga kwenye marobota.

Na akina Chui wana desturi yao: sare haifunguliwi mpaka asubuhi ya harusi, jirani wasije wakaiga. Basi marobota yakakaa wiki nzima yamefungwa, na hakuna aliyechungulia.

Asubuhi ya harusi yakafunguliwa. Waridi! Waridi tupu, kama ya akina Duma, hata pindo. Kumbe skrini ile ilikoleza kila kitu katikati, na namba aliyopelekewa Buibui ilikuwa ya waridi. Bi Chui alilia kwa hasira mpaka wanja ukamfika kidevuni. Lakini wageni walikuwa mlangoni, akavaa.

Ukafika wakati wa mkaja, ile zawadi apewayo mama wa bi harusi kwa kumlea binti. Mzee wa upande wa Duma akasimama nao mkononi. Akatazama mbele yake: wanawake mia, wote madoa, wote waridi. Akasitasita, akamkabidhi aliyekuwa karibu. Kumbe ni shangazi wa bwana harusi! Shangazi akapokea, akashukuru, akatoka mbio. Na duma akishatoka mbio, nani wa kumkamata?

Kesho yake, jua limechomoza, Bi Chui alikuwa kwa Bi Nungunungu. Hakubisha hodi. Bi Nungunungu alikuwa akiunganisha picha za harusi alizopiga Kasuku. Alipomwona mgeni wake, akaingia chini ya meza, miiba yote imesimama. Aliwaza watoto wake, akawaza yale magunia mawili pale stoo, akayachukia.

Bi Chui akaketi juu ya kigoda, mbele ya skrini, katikati kabisa, ili ainame amvute mguu. Akaona picha zikicheza.

Akasimamisha mkono. "Hii ni rangi gani?"

"Da... damu ya mzee, mama."

"Huyu si mimi?"

"Ndiwe, mama."

"Kumbe nilipendeza hivi! Kumbe sare ilikuwa sawa, ni machozi tu yalinifumba macho!" Akasogeza uso karibu. "Na hawa akina Duma, waone! Damu ya mzee tupu! Wameniiga! Nilisema mimi wataniiga!"

Bi Nungunungu alitaka kusema kweli. Kweli ikamfika kooni. Akayatazama yale meno, akaimeza.

Bi Chui akaibeba skrini kwapani, pamoja na picha zake, na kwenda kuwaumbua wakwe zake. Tangu siku hiyo, kila mgeni wake humkalisha kwenye kigoda kimoja, mmoja mmoja, na kumwambia, "Kaa katikati, usisogee." Wageni wakatoka wanasema harusi ilikuwa na rangi nzuri ajabu, hata wale waliohudhuria na kujionea kwa macho yao.

Bi Nungunungu akabaki na uhai wake, aibu yake na meza tupu. Akarudi kwa Kinyonga.

"Karibu, mama!" Kinyonga akasema. "Nina nyingine ya gunia moja, mpya kabisa. Kasi ipo, upana upo, stendi ipo. Bei hii, mama, unataka na nini tena?"

"Nyanya," akasema Bi Nungunungu.

Akaitoa kwenye kikapu, imeiva, bado ina umande wa genge la Bi Panya. Akaiweka kando ya skrini.

Kinyonga akaitazama nyanya. Akaitazama skrini. Mkono wa kulia ukawa mwekundu, wa kushoto ukawa biringanya, na yeye mwenyewe hapo katikati akakosa rangi ya kushika.

Na mimi hadithi yangu naiachia hapo kwenye hiyo nyanya. Mwenye kuni aongeze, moto unazimika.