Mkasi Aliyemwonea Kioo Wivu

— Paukwa!

— Pakawa!

— Hizo sauti au mbu wanapita? Paukwa!

— Pakaaawa!

— Hapo sawa. Sogeeni motoni. Kibwana, acha kuchokoachokoa mihogo, haijaiva.

Zamani hizo, kale ya kale, palikuwa na kinyozi akiitwa Mzee Shomvi. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja tu cha wateja, na wenziwe wa kazi walikuwa wanne: Mkasi, Wembe, Kitana na Kioo. Kioo alining'inia ukutani kwa kamba. Mji mzima haukuwa na kioo kingine.

Huyo Mkasi alikuwa fundi hasa. Akishika kichwa, hakuna unywele uliobishana naye. Na akikata, akiimba. Nanyi itikieni:

Kacha kacha, kacha kacha!
Mimi nakata, yeye anachekewa!

— Nani anachekewa, Bibi?

— Tulia, Zuhura, utamjua sasa hivi.

Siku moja akaja Bwana Mtengo, nywele timutimu. Mkasi akakata, akakata, akakata. Kazi ilipokwisha, Bwana Mtengo akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Kioo. Akageuka huku, akageuka kule, akacheka mpaka magego yakaonekana. "Lo, leo mimi kijana!" Mkasi alikuwa palepale mezani, wala hakutupiwa jicho.

Wivu ukamkaba Mkasi. Akamwambia Kitana, "Umeona? Nimehangaika mimi tangu asubuhi, na anayechekewa ni yule aliyening'inia tu kama nguo!"

Kitana akajibu, "Mimi meno yamening'oka kwa kazi hii, na sijalalamika."

"Wewe huna haya," Mkasi akasema.

Alipokuja mteja wa pili, Mkasi akakata kwa fujo, nywele zikaruka, zikamfunika Kioo uso mzima. Akafurahi! Lakini Mzee Shomvi akachukua kitambaa, akamfuta Kioo taratibu, pu pu pu, akang'aa kuliko jana. Mteja akamchekea mara mbili.

Kacha kacha, kacha kacha!

— Mimi nakata, yeye anachekewa!

Alipokuja mteja wa tatu, Mkasi akambana sikio makusudi. Moyoni anasema, mteja huyu akijitazama akaona damu, atamchukia Kioo. Mzee akapaka shabu, damu ikakata palepale. Mteja akasimama mbele ya Kioo, akashika sikio, akasema, "Linauma, lakini kichwa kimetulia, mashallah!" Akamchekea Kioo huku machozi ya maumivu yanamtoka.

— Bibi, si angemuuliza tu Kioo?

— Angemuuliza, leo ningekuwa sina la kuwahadithia.

Basi mchana mmoja, Mzee Shomvi alipokwenda kuswali adhuhuri, Mkasi akaparamia kiti, kutoka kitini akaparamia ukuta, akaifikia kamba. Kacha! Mara moja tu. Kioo akaanguka, paa! Vipande chini.

— Masikini!

Kipande kikubwa kikamwambia, "Mkasi ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Unajifanya hujui? Kazi naifanya mimi, wanakuchekea wewe!"

"Mimi?" Kioo akasema. "Mimi nina uso gani wa kuchekewa? Walikuwa wakija kwangu kuitazama kazi yako. Mtu akitoka kwako akacheka, alikuwa akikuchekea wewe."

Mzee Shomvi aliporudi, akavizoa vipande vyote, akavifukia nje.

Jioni yake akaja Mbaraka, bwana harusi. "Mzee wangu, kesho naoa, nipendezeshe." Mkasi, kwa majuto aliyokuwa nayo, akakata kama hajawahi kukata. Kikawa kichwa cha kutembezwa mitaani! Mbaraka akainuka, akageukia ukutani. Ukuta mtupu.

Akajipapasa kichwa. "Mzee, huku naona kumezidi." Kacha, kukapunguzwa. "Sasa kule ndiko kumezidi." Kacha, kukapunguzwa. Huku, kule, kisogoni, utosini, mpaka nywele zikabaki kama za kuku aliyenyonyolewa vibaya.

"Basi, Mzee," Mbaraka akasema, "niondolee zote kwa wembe. Kipara nitakikagua mwenyewe kwa kiganja." Akanyolewa, akajipapasa, laini kote. Akaondoka ameridhika.

Habari zikaenea. Nani tena angehangaika na mitindo asiyoweza kuiona? Wazee vipara, vijana vipara, imamu kipara. Wembe hakupata hata nafasi ya kupumua, na Mkasi akalala kisandukuni akiota kutu.

Mwisho mke wa mzee, Bi Mwanaheri, akampeleka jikoni, akawa anamkatia mapezi ya samaki. Mpaka leo yumo humo, ananuka shombo. Anakata vizuri vilevile. Lakini samaki akishakatwa hasimami, hageuki huku wala kule. Anaingia chunguni.

— Na wimbo wake, Bibi?

— Haimbi tena. Amwimbie nani?

Basi, wajukuu zangu, mwenzio akisifiwa na roho ikakuuma, mwulize kwanza anasifiwa kwa lipi. Huenda wanaisifu kazi yako, na yeye amekushikia tu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyobaki ni ya samaki, na samaki hasemi.